Boti ya Mvuke ya Gurudumu: Shajara Tangu Mchoro Hadi Kushua

Februari: mchoro

Gurudumu litakaa nyuma, tezini. Nimelipima sana hilo dhidi ya magurudumu mawili ya ubavuni, ambayo yana uzuri wake: kila moja likiwa na injini yake, boti inageuka palepale ilipo. Lakini yanapanua chombo kupita kiasi na kulazimisha ekseli ikate katikati, mahali ambapo watu wanataka kukaa. Kwenye boti ya mita 5, nafasi ya katikati ni mali. William Symington naye alichagua tezi: Charlotte Dundas yake, iliyovuta majahazi mawili kwenye mfereji wa Forth na Clyde huko Uskoti mwaka 1803, ilikuwa na gurudumu nyuma. Miaka minne baadaye, Robert Fulton aliweka mawili ubavuni, na boti yake ikapanda mto Hudson kutoka New York hadi Albany kwa mwendo wa saa 32 hivi. Njia zote mbili zilifika. Mimi nafuata ya kwanza.

Hesabu inaanzia kwenye gurudumu, injini itafuata. Kafi, yaani ubao wa gurudumu unaosukuma maji, likipita majini haraka mno linachota maji na kuyarusha juu badala ya kuyasukuma nyuma, na nguvu inaishia kwenye povu. Boti yenye urefu wa mita 4.6 kwenye mstari wa maji inaanza kulipanda wimbi lake yenyewe inapokaribia kilomita 9 kwa saa. Ukizidisha injini hapo, unachoma kuni bure. Kwa hiyo nalenga kilomita 6 hadi 7. Makafi nayo lazima yaende kasi zaidi ya boti, kwa kuwa maji hayasimami imara kama ukuta, yanarudi nyuma yanaposukumwa. Ukikadiria kwamba robo ya mwendo wa makafi inapotea hivyo, gurudumu la kipenyo cha mita 1 linatakiwa lizunguke mara 50 hadi 55 kwa dakika.

Huo ni mzunguko wa taratibu sana, na ndio unaonifanya niipende kazi hii. Injini ya petroli lazima ikimbie kwanza ndipo iwe na nguvu. Mvuke unaisukuma pistoni kwa uwezo wake wote hata kabla kranki, mkono unaougeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko, haijasogea. Gurudumu kubwa, zito, la polepole, linalohitaji kuanza kusukuma tangu inchi ya kwanza, limeumbiwa mvuke.

Kutoka kwenye gurudumu nimerudi nyuma hatua kwa hatua. Mnyororo wenye gia ya meno 12 kwenye kranki na meno 60 kwenye ekseli unapunguza mwendo mara 5, kwa hiyo injini itazunguka mara 250 hadi 275. Silinda mbili, kipenyo milimita 50, safari ya pistoni milimita 60, mvuke ukisukuma pande zote mbili za pistoni. Kwa presha ya baa 5 (baa 1 ni karibu sawa na presha ya hewa ya kawaida) hiyo inatoa wati 600 hivi, pungufu kidogo ya nguvu ya farasi mmoja. Nimepanga mikono ya kranki ipishane nyuzi 90, ili injini isikwame popote: pistoni moja ikiwa imefika mwisho wa safari, nyingine iko katikati ikisukuma kwa nguvu zote.

Machi: bodi la boti

Hapa kazi ilikwenda haraka. Plaiwudi ya baharini, milimita 9 chini na milimita 6 ubavuni, mataruma ya mbao nyepesi, maungio yote kwa epoksi, nje kitambaa cha faiba tabaka moja. Tako la boti ni bapa, upana mita 1.5. Ikibeba kila kitu na watu wawili, uzito unafika kilo 550 hivi, na inazama sentimita 12 au 13 tu. Boti ya gurudumu inapenda maji ya kina kifupi, na bodi la namna hii linamfaa mtu anayetaka kuingia hadi kwenye matete.

Nilichokaa nacho muda mrefu ni mgongo wa boti. Gurudumu linaning'inia nje ya tezi, injini iko karibu nalo, boila iko mbele ya katikati ili kuusawazisha uzito huo. Matokeo yake maji yanainua tumbo la chombo huku ncha zikivutwa chini. Boti za mto Mississippi zilikuwa na shida hiyo kwa ukubwa wa kutisha, kwa sababu zilikuwa ndefu, bapa na nyepesi. Dawa yao ilikuwa nondo za chuma zilizopita juu ya nguzo, kutoka omo hadi tezi, zikikazwa kwa skrubu hadi ncha zinyanyuke. Nimefanya vivyo hivyo kwa udogo: nondo moja ya milimita 8 kila upande, nguzo fupi mbili, na skrubu ya kukazia katikati. Kabla ya kukaza, mtu akisimama tezini ukingo unaonekana ukilala. Baada ya robo mzunguko wa skrubu chache, haulali tena. Hilo lina maana kubwa kwa mnyororo, kwa sababu bodi likipinda, umbali kati ya gia mbili unabadilika na mnyororo unalegea.

Mbao mbili za usukani nimeziweka chini ya tezi, mbele ya gurudumu. Watu hunishangaa, wakitarajia usukani uwe mwisho kabisa. Faida yake huonekana wakati wa kurudi nyuma: gurudumu likigeuzwa linatupa maji kuelekea mbele, yanapiga moja kwa moja kwenye usukani, na boti inatii hata ikiwa karibu imesimama.

Aprili na Mei: boila

Sehemu hii niiandike kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayoweza kuua.

Lita moja ya maji ikichemka kwenye hewa ya kawaida inakuwa takriban lita 1,700 za mvuke. Ndani ya boila ya baa 5 maji yanafika nyuzi 159 na bado ni maji, kwa sababu presha inayazuia kuchemka zaidi. Chombo kikipasuka, kizuizi kinaondoka ghafla, na karibu sehemu moja ya kumi ya maji yote hugeuka mvuke papo hapo. Boila yangu inabeba lita 30. Yaani lita elfu kadhaa za mvuke kwa kufumba na kufumbua, pamoja na vipande vya chuma. Mwaka 1865 maboila ya Sultana yalilipuka usiku karibu na Memphis, na zaidi ya watu 1,000 wakafa, wengi wao askari waliokuwa wanarudi nyumbani kutoka vitani. Mojawapo ya maboila yale lilikuwa limetiwa kiraka siku chache kabla.

Kwa hiyo hakuna kiraka wala mtungi wa gesi uliokatwa. Boila ni ya wima: ganda la bomba la chuma lisilo na mshono, kipenyo milimita 400, unene milimita 6, bamba la juu na la chini milimita 10, katikati mabomba 30 ya milimita 32, yenye urefu wa nusu mita, yanayopitisha moshi na moto huku maji yakiyazunguka. Uso unaopokea joto unafika kama mita 1.5 za mraba, ambao kwa kuni nzuri unaweza kutoa kilo 25 za mvuke kwa saa. Kwa baa 6, mkazo kwenye ganda ni kama megapaskali 20 (megapaskali 1 ni baa 10). Chuma cha kawaida huanza kuvutika kwenye 250. Nafasi hiyo kubwa inahitajika, kwa sababu kutu itakula, joto litavuta na kuachia, na miaka itapita.

Kuchomelea sikugusa. Nilimtafuta fundi mwenye cheti cha vyombo vya presha, na jambo la kwanza alilosema lilinifurahisha: "Bila mchoro uliopitishwa na mkaguzi, mimi sishiki mashine." Nchi nyingi zina sheria kuhusu boila, hata ndogo za namna hii. Atakayejenga azitafute kabla hajakata chuma.

Vifaa vya ulinzi: vali mbili za usalama, kila moja peke yake inaweza kutoa mvuke wote ambao moto unaweza kuzalisha, kioo cha kuonyesha usawa wa maji, na koki mbili za kupimia endapo kioo kitavunjika, geji, kizibo chenye kiini cha madini laini, kitakachoyeyuka na kumwaga mvuke motoni iwapo maji yatashuka mno. Na njia mbili za kuingiza maji: pampu inayoendeshwa na injini, na pampu ya mkono. Zote mbili zinapita kwenye vali ya njia moja ili maji ya moto yasirudi.

Juni: jaribio la maji baridi

Boila hupimwa kwa maji baridi, wala si kwa hewa. Maji hayabanwi karibu hata kidogo, kwa hiyo hayaweki nguvu ndani. Pakitokea ufa, yanachuruzika tu na sindano inashuka. Hewa iliyobanwa kwa presha hiyohiyo ingeurusha ufa huo kama bomu.

Tuliijaza hadi juu kabisa, koki ya juu ikiwa wazi mpaka povu la mwisho litoke, kisha mpwa wangu akashika mpini wa pampu. Lengo lilikuwa baa 12, mara mbili ya presha ya juu kabisa ya kazi, baa 6. Kwenye baa 8 tone likaonekana kwenye mdomo wa bomba moja, safu ya nje. Lilining'inia, likaanguka, lingine likaja. Tukashusha presha, tukaingiza kifaa cha kupanulia mabomba, mdomo ukatanuliwa kidogo zaidi hadi ukabana na bamba, tukaanza upya. Safari hii bamba lilibaki kavu. Nililipapasa kwa karatasi, bomba kwa bomba, na karatasi haikulowa.

"Mjomba, sindano imesimama palepale."

"Iache isimame. Ndicho tunachokitaka."

Ilisimama nusu saa nzima, mkaguzi akiwa ameketi mbele yake na saa mkononi. Akagonga muhuri wake kwenye ganda.

Julai: injini

Silinda ni za chuma cha kumimina, zilikerezwa hadi pistoni ikashuka polepole kwa uzito wake yenyewe. Mvuke unaingia kwa vali ya kuteleza, na vali inaukata pistoni ikiwa imefika theluthi mbili ya safari. Theluthi iliyobaki mvuke uliomo unajitanua na kusukuma bila boila kutoa zaidi. Kugeuza mwelekeo natumia linki ya Stephenson, ile ya magarimoshi ya miaka ya 1840: wenzo mmoja, mbele, katikati, nyuma. Boti haina breki. Wenzo huo ndio breki.

Silinda nimezifunika kwa sufi ya madini na vipande vya mbao vilivyofungwa kwa mikanda ya shaba. Zinapendeza, lakini sababu ni joto. Mvuke ukigusa chuma baridi unageuka maji kabla haujafanya kazi. Ndiyo maana chini ya kila silinda kuna koki ya kutolea maji. Injini ikiwa baridi koki hizo hubaki wazi, injini inazungushwa polepole, inatema maji, inatema mvuke mchafu, halafu mvuke mkavu. Hapo ndipo unazifunga. Maji hayabanwi, kama nilivyosema. Pistoni ikiyakuta yamejaa mbele yake, kinachovunjika ni kifuniko cha silinda.

Oili ya silinda ni nzito kama asali na inaingia yenyewe kwa mbinu ninayoipenda kuliko zote kwenye mashine hii. Kikombe kidogo cha shaba kimeunganishwa na bomba la mvuke. Mvuke kidogo unaingia, unapoa, unakuwa maji, maji yanazama chini ya oili na kuinyanyua, tone linamwagikia kwenye bomba na kwenda silindani. Hakuna pampu wala gia ndani yake.

Agosti: gurudumu

Makafi 10 ya mbao ngumu, upana sentimita 80, kimo sentimita 12, kwenye pete mbili za chuma. Ukiwa na makafi 10, wakati wote yapo mawili au matatu majini, kwa hiyo msukumo hauruki. Yakiwa machache zaidi, boti ingetikisika kila kafi linapopiga.

Ekseli inakaa kwenye mabano yenye matundu marefu, ili niweze kuipandisha au kuishusha kwa sentimita 6. Gurudumu lina udhaifu huu mmoja ambao parafujo, yaani panga boi linalozunguka chini ya maji, haina: linategemea sana uzito wa siku hiyo. Abiria mmoja zaidi, au gunia la kuni limeisha, na kafi linazama kupita kiasi au linakwangua juu tu. Likizama mno, linaingia majini limelala, linapiga kofi, na linapotoka linanyanyua maji. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya meli za baharini ziliache gurudumu. Mwaka 1845 jeshi la majini la Uingereza lilizifunga Rattler ya parafujo na Alecto ya magurudumu tezi kwa tezi, na Rattler ikamvuta mwenzake kinyumenyume. Kwenye maji tulivu ya kina kifupi, hata hivyo, gurudumu bado lina haki yake. Skibladner ya Norwei imekuwa ikibeba abiria kwenye ziwa Mjøsa tangu 1856.

Septemba: moto wa kwanza, nchi kavu

Boti ikiwa juu ya trela, gurudumu hewani. Vijiti vikavu, kisha kuni zilizopasuliwa nyembamba. Moto ulikuwa mvivu mpaka presha ikafika baa 1, tukafungua bomba la kupuliza linalotoa mvuke kuelekea juu ndani ya dohani. Mvuke unavuta moshi, moshi unavuta hewa chini ya wavu wa moto, na mara moto ukabadilika rangi na kuanza kunguruma. Injini inapofanya kazi, mvuke wake uliotumika unapita hapohapo, kwa hiyo jinsi unavyohitaji nguvu ndivyo moto unavyopulizwa.

Kwenye baa 6 vali za usalama zilifunguka, moja kwanza, ya pili nyuma yake kidogo. Tuliongeza kuni makusudi, tukafunga njia ya injini, tukasubiri: sindano haikupita 6.3. Ndipo nikafungua koki za silinda na kugusa wenzo. Gurudumu likasogea nusu mzunguko, likasita, likaendelea. Kwa mwendo huo wa chini unasikia pumzi nne kwa kila mzunguko wa kranki, na unaweza kuzihesabu. Mpwa wangu alipiga kelele hadi majirani wakatoka, nami sikumnyamazisha.

Oktoba: kushua

Tuliishua bila moto kwanza, boila ikiwa na maji, kuni na matofali yakiwa mahali pa watu. Tezi ilikuwa chini kuliko omo kwa sentimita 3. Tangi la maji la lita 60 likasogezwa mbele, kuni nazo, na mstari ukakaa sawa. Ngama ilibaki kavu isipokuwa tone kwenye tundu la bolti ya usukani, ambalo lilizibwa kwa pakingi. Upo wa kufulia maji uko palepale hata hivyo, pamoja na makasia mawili, nanga, maboya ya kuvaa na kizimia moto. Juu ya dohani kuna wavu wa kukamata cheche.

Kisha moto, boti ikiwa imefungwa gatini kwa kamba yenye mizani ya kuning'iniza. Kwa baa 5 ilivuta kilo 24. Nilibadili kimo cha ekseli mara kadhaa huku nikisoma mizani: msukumo ulikuwa bora ukingo wa juu wa kafi la chini ulipokuwa umefunikwa na maji kidogo tu, kama unene wa kidole. Ukishusha zaidi ya hapo, mizani inapanda kidogo sana na mizunguko inashuka sana.

Tukafungua kamba. Boti iliondoka gatini bila kishindo, kama vile gati ndilo lililosogea. Wenzo mbele, koki zimefungwa, mpwa wangu kwenye moto, mimi kwenye usukani na macho kwenye kioo cha maji. Kwenye maji wazi gurudumu lilishika mizunguko 50, na kipimo cha setilaiti kikaonyesha kilomita 6.1 kwa saa. Makafi yenyewe, yakipimwa katikati ya kimo chake, kwa mizunguko hiyo yanakwenda kilomita 8.3. Tofauti ni robo na ushei, karibu sana na makadirio ya Februari, na nilipoiandika kwenye daftari mkono ulikuwa unatetemeka kwa furaha.

Kurudi nyuma kulinipa raha ya pekee. Wenzo katikati, wenzo nyuma, gurudumu likasimama na kugeuka, boti ikakoma ndani ya urefu wake mmoja na nusu. Usukani ulitii, kama nilivyotarajia.

Mambo mawili yalijitokeza. Ukifungua njia ya mvuke kwa ghafla, maji ndani ya boila yanainuka na kufuata mvuke, injini inagongagonga. Dawa ni kufungua polepole, na kulisafisha boila vizuri, kwa sababu maji yenye mafuta au uchafu yanatoa povu haraka. La pili ni manyunyu: upepo ukitoka nyuma, matone ya gurudumu yanafika hadi kwenye injini na kwenye mgongo wa nahodha. Kuni zilitumika kilo 8 hadi 9 kwa saa, maji lita 25 kwa saa, kwa hiyo tangi linatupa saa mbili na akiba.

Yanayofuata

Ubao wa kukinga manyunyu utafungwa kati ya injini na gurudumu, wenye tundu la mnyororo tu. Makafi yanayojigeuza, yale yanayoingia na kutoka majini yakiwa wima, nimeyachora, lakini yana maungio mengi yanayozama kila mzunguko, na kila ungio linataka beringi ya mbao au ya shaba. Nitaanza kwa kafi moja la mfano kwenye benchi. Kabla ya hayo nataka injekta ichukue nafasi ya pampu ya mkono. Kifaa hicho, kilichobuniwa na Henri Giffard mwaka 1858, kinaingiza maji kwenye boila kwa kutumia mvuke wa boila hiyohiyo, na kitanifaa hasa tukiwa tumesimama huku moto ukiendelea. Bomba lake limeshakatwa, vali yake ya njia moja inasubiri kupimwa kwa baa 12, na mkaguzi amekubali kuja kuitazama kabla moto haujawashwa tena.